Barua ya Kumwachia Sista Night

Kabla ya kumgusa mama mjamzito, Night Poni aliichukua pembe ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, akaifuta kwa pamba yenye spiriti, kisha akaiingiza kwapani mwake na kuibana hapo. Ilikuwa pembe fupi ya alumini, pana upande mmoja kama tarumbeta ya kuchezea, na ukingo wake ulikuwa umebonyea kwa kuangushwa sakafuni mara nyingi. Asubuhi za mwezi wa nane, Koboko, mji wetu wa mpakani, ukiwa umenyeshewa tangu alfajiri, chuma kile kikigusa tumbo la mtu humfanya ashtuke na kukaza misuli. Night hakupenda mtu ashtuke. Aliibana pembe, akamuuliza mama ametembea kutoka wapi, nani amebaki na watoto, muhogo umeota au bado, mpaka chuma kikapata joto la mwili wake. Ndipo alipoiweka tumboni na kuinamisha sikio.

Aliipasha hata mwezi wa pili, wakati jua linapochoma bati la paa na kila mtu wodini anajipepea kwa kadi ya kliniki. Siku tulipoletewa pembe za plastiki, zisizokuwa na baridi yoyote, alizipasha vilevile. Mama mmoja aliyekimbia vita Sudan Kusini, ambaye hakuwa amemwona Night kabla ya siku hiyo, alimnyooshea kidole mbele ya wodi nzima.

"Huyu Sista anaficha kitu ya serikali kwa nguo. Mimi nimeona na macho yangu."

"Nyamaza, mama," Night akamjibu, pembe bado kwapani. "Siku mimi nikiiba, nitaiba kitanda. Hii kidogo nitauzia nani?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika tumbo lake na kuwaomba wanyamaze, wasimletee uchungu kabla ya siku zake.

Naandika habari zake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wodi yake kwa miaka kumi na mmoja, na kwa sababu wanawake wanaokuja pale siku hizi huuliza Sista Night yuko wapi, nami sina jibu fupi la kuwapa.

Baba yake alikuwa askari, kama baba wengi wa Koboko wa enzi zile. Night alizaliwa kambini, na serikali ilipoanguka alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, hajatimiza mwaka. Walirudi akiwa msichana wa kuchota maji. Kiswahili alichokuja nacho kilikuwa cha kambini na cha mpakani, kisichojali sana sarufi, nacho kilimfaa kwa wote: Mkakwa, Mlugbara, Msudani, mke wa mfanyabiashara na mke wa mkulima. Ukimuuliza kwa nini alichagua ukunga alikwambia alipenda soksi nyeupe za masista wa hospitali. Alisoma cheti, akaajiriwa mwaka 2001 katika kituo chetu cha afya, nje kidogo ya mji, na hapo akakaa. Mumewe, Adriko, alikuwa mkulima wa Logiri, mbali upande wa pili wa Arua. Miaka yote ile walionana mwisho wa mwezi, kama ratiba ya zamu iliruhusu.

Mimi nilifika mwaka 2009. Ni mtu wa Adumi, na wakati huo nilikuwa na diploma ambayo wino wake haujakauka vizuri. Yeye alikuwa na cheti na miaka minane ya kazi. Wiki ya kwanza nilimpima msichana mmoja, nikasikiliza, nikaandika kwenye kadi kwamba moyo wa mtoto unapiga mara tisini kwa dakika, polepole mno kwa mtoto. Nilianza kuita watu. Night alikuja bila kukimbia.

"Sista Pasca, shika mkono ya huyu mama. Hesabu."

Nikahesabu mapigo ya mkononi. Tisini.

"Sasa umesikiliza moyo ya nani?"

Nilikuwa nimesikiliza moyo wa mama. Aliushika mkono wangu, akausogeza na pembe yake chini kidogo, kushoto, akabonyeza, na hapo nikausikia moyo mwingine, mwepesi, wa haraka, kama mtu anayepiga mlango kwa vidole. Hakunicheka. Alisubiri msichana atoke ndipo aliposema, "Diploma iko mzuri. Lakini haina masikio."

Miaka mitatu baadaye, kwa sababu ya diploma ile ile, nilifanywa mkuu wa wodi. Mkuu wake.

Katika wodi yetu kulikuwa na namna ya kuchagua nani aende semina. Barua huja kutoka wilayani au kwa shirika fulani: leteni mkunga mmoja, siku tano, Arua. Mkuu wa wodi hutazama ratiba ya zamu na kujiuliza: nani tunaweza kumkosa? Swali hilo sikulitunga mimi. Nililikuta, nikalipokea pamoja na funguo za kabati la dawa, na nililiona kuwa la busara. Kwa hiyo walikwenda wapya, walikwenda wazito wa kazi, alikwenda mmoja aliyekuwa amegombana na kila mtu ili tupumue siku tano. Night alibaki. Wenzake waliporudi na vyeti na mabegi ya semina, aliwauliza wamefundishwa nini, wakamweleza, naye akawarekebisha.

Baada ya miaka kumi, mafaili ya watu yalikuwa yamenenepa. Faili la Night lilikuwa na cheti chake cha chuo, barua ya kuajiriwa, na karatasi mbili za likizo ya uzazi.

Aliomba kwenda kusomea diploma mara ya kwanza mwaka 2013. Chuo kilitaka barua ya kumwachia aende masomoni, inayoanzia kwa mkuu wa wodi, inapita kwa daktari, ndipo inakwenda wilayani. Bila mkono wa kwanza, mikono mingine haina cha kutia saini. Wakati ule wakunga wetu wawili walikuwa na mimba. Nikamwambia, "Mwakani, Sista Night." Mwakani ukaja na mambo yake. Aliomba tena mwaka 2017. Wakimbizi walikuwa wamejaa kila mahali, wanawake wanazaa kwenye mkeka katikati ya vitanda, na wewe ungemwachia nani? Nikamwambia mwakani. Hakubishana. Alikwenda kunawa mikono, akachukua pembe, akaiweka kwapani.

Sikuwahi kumwandikia kwamba nimemkatalia. Hakuna karatasi yoyote inayosema Pasca alimkatalia Night. Nimetafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alirudi Prossy. Huyu alikuja kwetu akiwa hawezi kuvaa glovu bila kuichana; Night alimfundisha yote, hadi namna ya kusimama ili mgongo usiume. Tulimwachia Prossy mapema kwa sababu tuliweza kumkosa. Sasa alikuwa na diploma, na wilaya ikampanga kuwa kiongozi wa zamu. Zamu ya Night.

Prossy mwenyewe aliona haya. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na daftari la zamu mkononi.

"Mama, mi nitakuambiaje ufanye nini?"

"Wewe andika tu," Night akamwambia. "Mi nafanya, wewe unaandika. Si ndiyo ukubwa?"

Tulicheka. Yeye pia alicheka. Lakini mwezi wa nne alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, akaweka mezani barua ya chuo kimoja cha Arua. Amekubaliwa. Aripoti yeye mwenyewe, na barua ya kuachiliwa mkononi, kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Asipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata katika orodha.

"Iko mara ya tatu," akasema. "Mimi nina miaka arobaini na tano. Nikitoka huko nitakuwa na arobaini na saba. Sista, hii ikipita, mimi sitaomba tena. Nisikudanganye."

"Nitaiandika," nikamwambia.

Niliiweka kwenye droo, chini ya ripoti za mwezi.

Sijui namna ya kueleza siku zilizofuata isipokuwa kusema niliogopa. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kitu cha kwanza kunijia ni wodi bila yeye: mkono uliotoka kabla ya kichwa, mama aliyeanza kutetemeka, na mimi nimesimama pale na diploma yangu isiyo na masikio. Nilimpenda Night. Nilidhani kumshika ndiyo kumpenda. Kila asubuhi alipitia dirishani kwangu.

"Sista Pasca, barua?"

"Bado naandika."

"Imekuwa Biblia?"

Siku ya kumi aliacha mzaha, akawa anauliza neno moja tu. Siku ya kumi na tano hakuuliza. Alisimama kidogo dirishani, akaniangalia, akaenda.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho tulitembelewa na Yasiri, ofisa kutoka wilayani, mtu mpole aliyekuja na bahasha ya fomu. Walitaka kujua kwa nini wauguzi wazoefu wanaondoka mkoa wetu wa West Nile na nini kingewafanya wabaki. Wafanyakazi walijaza chumbani kwao, wakicheka.

"Mimi naandika kiti," akasema Helen, mkunga wetu mpya, aliyekuwa na miezi minne kazini. "Kiti chenye miguu minne."

"Andika chai," mwingine akasema. "Na sukari ndani, wasije wakaleta chai peke yake."

Yasiri alinihoji mimi ofisini. Akauliza ni mfanyakazi gani ninayeogopa zaidi kumpoteza. Sikuhitaji kufikiri. Nikamtajia.

"Na umemfanyia nini ili abaki?"

"Namtegemea," nikamjibu.

Akaandika. Kisha akaniangalia na kungoja, kalamu hewani, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha.

Alipoondoka nilikusanya fomu zilizosahaulika mezani. Ya Night ilikuwa mojawapo. Kwenye swali la nini kingekufanya ubaki, palipoachwa mistari minane, alikuwa ameandika neno moja: Kusoma. Mistari iliyobaki alikuwa ameikata kwa mstari wa mshazari, nadhifu, kama tunavyofanya kwenye kadi ya mgonjwa ili mtu mwingine asiongeze kitu.

Jumatano niliandika barua. Ilinichukua chini ya nusu saa. Alhamisi asubuhi Akram, daktari wetu, aliitia saini na muhuri, na mtu wa wilayani akaipitisha mchana ule ule. Karatasi niliyokuwa nimeilalia kwa mwezi mzima ilipita mikono mitatu katika siku mbili. Nilipompa Night aliisoma akiwa amesimama, akairudia kutoka juu, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na kitabu akakifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

"Asante, Sista," akasema. Aliinama kidogo, kama anavyoinamia wakubwa, na mimi nilitamani asingeinama.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote wakati ule. Jumatano hiyo hiyo kulikuwa kumekuja barua nyingine: leteni mkunga mmoja Arua, Alhamisi hadi Jumamosi, semina ya kutokwa na damu baada ya kuzaa. Nikamtuma Prossy. Nilijua Akram atakuwa Arua kwenye mkutano wake siku ya Ijumaa. Nilijua wodi atabaki nayo Helen wa miezi minne, pamoja nami. Ningeweza kumzuia Prossy. Nilijiambia ni kawaida, kwamba wilaya inataka jina. Lakini nafikiri nilitaka Night aingie Ijumaa asubuhi kuaga, aione wodi ilivyo tupu, aahirishe yeye mwenyewe. Nilimpa barua kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikamshikilia.

Ijumaa alikuja saa mbili, amevaa kitenge cha kijani, nywele zimesukwa upya. Nje alimsubiri Muzamili, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa askari zamani na sasa anaendesha pikipiki, ambaye wajukuu wake wote walizaliwa mikononi mwa Night. Alisema atampeleka mpaka mlango wa chuo, gari lisije likamchelewesha.

Night alizunguka vitanda kuwaaga wazazi. Alikuwa amefika kitanda cha mwisho ndipo tuliposikia pikipiki nyingine ikiingia kwa kasi. Mwanaume alikuwa amemkalisha mkewe katikati, dada yake ameketi nyuma akimshikilia. Mke alikuwa amezaa nyumbani alfajiri. Mtoto mzima. Kondo la nyuma halikutoka. Lesu, ile kanga aliyofungwa kiunoni, ilikuwa imebadilika rangi hadi chini, na damu ilikuwa ikidondoka kwenye kiatu cha mumewe.

Tulimlaza. Helen alijaribu kuuona mshipa wa dripu, akakosa, akajaribu mkono wa pili. Mikono ya mama ilikuwa baridi. Nilimchoma sindano, nikasugua tumbo, nikavuta kamba ya kitovu taratibu kama ilivyoandikwa, na kondo halikuja. Damu ilikuja. Kilichobaki ni kuingiza mkono na kulitoa, kazi niliyokuwa nimeifanya mara mbili tu maishani, zote mbili Night akiwa amesimama begani pangu.

Nikainua kichwa. Alikuwa mlangoni, mfuko wake wa plastiki mkononi. Nje Muzamili alikuwa amewasha pikipiki.

Tuliangaliana. Naweza kusema ilikuwa sekunde tatu. Katika sekunde hizo nilikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa kinywani. Sikulisema. Sikusema na jingine lolote. Nilimwangalia tu, nikamwachia aone uso wangu.

Aliweka mfuko chini ya meza. Akavaa aproni juu ya kitenge.

"Helen, acha hiyo mkono. Leta mguu, iko mshipa kwa kifundo. Sista Pasca, mfuko ya mkojo, toa kwanza mkojo. Wewe baba, nenda utafute watu wa kutoa damu, leta ndugu, leta hata adui. Mama? Mama, niangalie mimi. Mtoto anaitwa nani?"

"Bado," mama akasema kwa shida.

"Basi usilale. Tafuta jina."

Sitaieleza kazi yenyewe. Ilikuwa ndefu. Kondo lilitoka kwa vipande, na Night alivipanga kwenye beseni, akavikagua kimoja kimoja, akasema kimoja hakipo, akarudi. Damu ilipungua, ikaanza tena, ikapungua. Alibaki amekandamiza tumbo kwa ngumi kwa muda ambao mimi nisingeuweza, jasho linamdondoka puani, kitenge chake cha kijani chini ya aproni kikiwa cheusi mpaka magotini. Muzamili alichungulia dirishani.

"Sista Night! Mimi nimeota mizizi huku."

"Zima pikipiki, mzee," akamjibu bila kugeuka.

Mama yule alipona. Tulipokuwa na hakika, saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Sikuwa na haki ya kwenda, lakini nilimwita mkunga aliyekuwa mapumzikoni, nikapanda nyuma ya Night kwenye pikipiki ile ile. Nilikuwa na wazo kwamba nikiwa pale, mkuu wa wodi, nitaeleza. Mvua ilitukuta njiani, kubwa, na Muzamili alisimama mara moja tu, pale ng'ombe walipoziba barabara. Mpaka Arua Night alikuwa amekibana kitabu kifuani chini ya koti langu.

Tulifika chuoni saa tisa na dakika thelathini na tano.

Karani wa usajili aliitwa Swaib. Hakuwa mtu mbaya. Alichukua barua, akaisifu kwamba imeandikwa vizuri, akatuonyesha daftari. Saa tisa ilipofika waliita jina la Night mara tatu, kama utaratibu ulivyo, kisha wakaita la anayefuata. Anayefuata alikuwa bado pale, msichana wa miaka ishirini na kitu, amesimama na baba yake, akipimwa urefu wa sare.

Nilizungumza. Nilieleza habari za yule mama, damu, kondo. Nilisema kosa ni langu, barua niliichelewesha mimi. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka watu wakachungulia. Swaib alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, nafasi ni moja, na mtu ameshaandikwa. Mimi nitamfuta huyu mtoto vipi, mbele ya baba yake? Huyu Sista aje mwakani."

Night alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani. Alikwenda kwa yule msichana, ambaye alikuwa ameanza kuogopa, akamrekebisha kola ya sare kwa vidole viwili.

"Soma vizuri," akamwambia. "Na mikono yako, kila siku pasha kwanza moto."

Jumatatu alikuwa kazini, soksi nyeupe, pembe kwapani. Nilidhani imekwisha. Nilianza hata kupumua. Naona aibu kuliandika hilo. Wiki sita baadaye alileta barua nyingine, na nilipoisoma ndipo nilipogundua kwamba barua ya kuacha kazi haihitaji pendekezo la mkuu wa wodi. Unaiandika, unaiwasilisha, unaondoka.

Akram alimwita, akamsihi. Akamwahidi semina zote za mwaka ule, hata ya Kampala. Prossy alilia waziwazi mbele ya wagonjwa. Mimi nilimwandikia Yasiri, nikamwandikia ofisa mwingine juu yake. Majibu yalikuja, mazuri, yenye mpango wa kuwaendeleza wakunga wazoefu, na mteuliwa wa kwanza kabisa awe Night Poni. Yalifika siku nne baada ya yeye kwenda Logiri.

Siku yake ya mwisho tulimfanyia sherehe ndogo. Kulikuwa na soda, na cheti cha shukrani kwenye fremu, jina lake kwa herufi za dhahabu. Kilikuwa cheti chake cha kwanza tangu atoke chuoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akatushukuru kila mmoja kwa jina. Jioni nilikikuta juu ya kabati la glovu. Sijui kama alikisahau.

Miezi minne baadaye tulimpoteza mama kwa tatizo lile lile. Prossy alifanya yote aliyofundishwa kwenye semina ile, kwa mpangilio. Nami nilifanya yangu. Hakuna aliyekosea jambo ambalo ningeweza kuliandika kwenye ripoti. Nilimfunga mama yule taya, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, na kila aliyepita alinisalimu nami nikamjibu.

Sasa barua ya semina ikija nauliza swali jingine: nani tunaogopa kumkosa? Huyo ndiye anatangulia. Wengine wananilalamikia, na wiki hizo wodi ni ngumu kweli. Sijui kama inasaidia. Helen ameshaondoka pia.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikwenda Logiri. Wodi ilikuwa imepata mashine ndogo za betri za kusikilizia mtoto, na pembe za zamani zilikuwa zimeandikiwa kutupwa. Niliichukua ile iliyobonyea, nikaifunga kwa karatasi.

Nilimkuta shambani, anapalilia muhogo peke yake. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwenye vidole. Alinikaribisha vizuri, akaulizia watu mmoja mmoja, akaulizia hata mgongo wa Prossy. Nilimuuliza kama anawasaidia wanawake wa pale. Akasema wanakuja, anawatuma kituoni. Leseni yake imekwisha na hakuihuisha.

"Mama ya watu nikimshika bila leseni, mimi ni mwizi."

Nikampa ile karatasi. Aliifungua, akaitazama pembe, akapitisha kidole kwenye ukingo ulipobonyea.

"Sasa wewe ndiye umeiba kitu ya serikali," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile tukacheka wote wawili.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno mengi, yaliyopangwa. Nikaanza na lile la droo, nikaingia kwenye la Prossy na semina, nikamweleza nilichojua na nilichotaka. Alinisikiliza huku anaangalia mistari ya muhogo. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Kongo na upepo ulikuwa umeanza kuwa baridi. Nilipoinua macho niliona kwamba pembe ilikuwa imekwenda kwapani mwake, ameibana, mkono mwingine umeshika jembe. Hakukuwa na mama yeyote pale. Sidhani kama alijua.

Nikasema nisamehe. Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke peke yake, na pikipiki yangu ilipokuwa tayari kuondoka alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, lakini kilikuwa na joto.

"Sista Pasca," akasema, "ile siku mimi ningebaki tu na ule mama. Lakini wewe angalau ungeniambia, 'Enda.'"